Jumapili Tulipokuwa Mahali Pengine

Rumande, Moshi
9 Juni 2024

Shangazi yangu Elinipendo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini u mzima na magoti yako yanastahimili baridi ya huko juu mwezi huu. Mimi sijambo, ila kulala chini kumenipa mgongo wa mzee. Mama alikuja Jumamosi na kiburu cha ndizi na maharage kwenye kopo, akanisimamia mpaka nikamaliza, kama vile nina miaka mitano. Amesema ng'ombe wako amezaa ndama jike na umekataa kumpa jina. Mpe jina bwana, ndama wa watu.

Shangazi, nina swali la Kiingereza. Usicheke. Tumepata wakili wa msaada, dada mmoja anaitwa Pamela, mdogo kuliko mimi lakini ana sauti ya jemadari. Aliniambia kosa nililoshtakiwa nalo, unyang'anyi wa kutumia silaha, halina dhamana, na nikitiwa hatiani ni miaka thelathini jela. Nilidhani ananitisha. Kumbe ndivyo sheria ilivyo. Mlinzi wa lile duka la Soweto, hapa Moshi, ameapa kwamba mchana wa Jumapili ya tarehe kumi na mbili Mei aliniona natoka na panga, nimevaa koti langu jekundu la mlimani. Pamela akaniuliza, "Una alibi?" Nikamjibu nitamwambia siku nyingine.

Hapa ndani neno hilo linatembea kama kipande cha sigara. Wanalitamka alibai. Kuna mzee mmoja, Sirili, akiambiwa afagie anasema, "Alibai yangu ni tumbo." Nikaona nikuulize wewe uliyefundisha Kiingereza mpaka wakuu wa shule wakawa wanakukwepa kwenye korido. Linatumikaje vizuri?

Wewe unajua Jumapili ile nilikuwa wapi, na nilikuwa na nani. Afande anasoma barua zetu kabla hazijafika, kwa hiyo naishia hapo. Ulinijia na jani la sale mkononi ukaniomba nisimwambie mtu yeyote. Kwetu mtu akikuomba kwa sale, jani la amani, utamkataliaje? Mimi sijafungua mdomo. Ila Pamela anataka jibu.

Msalimie baba mkubwa Aminieli, hata kama hajaniulizia.

Mwanao,
Sifael

*

Machame
27 Juni 2024

Mwanangu Sifael,

Marahaba. Barua yako ilichukua wiki mbili kutoka Moshi mpaka hapa. Konokono angefika mapema na angekuwa na adabu ya kupiga hodi. Magoti yangu hayastahimili kitu, yanatii tu. Ndama nimempa jina Wakili kwa sababu analia kuanzia alfajiri na hakuna anayemwelewa. Kahawa imeanza kuiva upande wa mfereji. Mama yako anakula kwangu kila jioni, ila siku hizi anahamisha chakula kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine, basi. Baba yako mkubwa Aminieli hajambo. Kweli hajakuulizia.

Sasa somo. Kaa sawasawa.

Alibi ni neno la Kilatini, na maana yake ni mahali pengine. Si kisingizio. Si uongo mtamu. Tumbo la huyo Sirili si alibi hata kidogo, kwa maana mwenye kuumwa tumbo anaweza kuiba vizuri sana. Mwanasheria anapolitumia anasema jambo moja tu: tendo lilipotendeka hapa, mtu wangu alikuwa kule. Andika hivi: "The accused has an alibi." Yaani mshtakiwa anayo hoja kwamba alikuwa mahali pengine. Au hivi: "He raised his alibi before the hearing." Aliitoa hoja yake kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ndivyo sheria inavyotaka, uitoe mapema. Ukiitoa mwishoni, hakimu ana ruhusa ya kuitupa.

Niandikie sentensi tatu zako mwenyewe. Mwandiko uwe wa kusomeka, huo wa safari iliyopita ulikuwa kama kuku kapita kwenye ugali.

Habari nyingine. Aliyenunua kile kipande cha ukoo kule korongoni ameanza kuchimba msingi wa nyumba ya wageni. Trekta limegeuza udongo wote mpaka kwenye ule mti unaoujua. Hawakukuta kitu. Na mimi mvua ikinyesha sasa nalala, jambo ambalo sijalifanya tangu wewe uko shule ya msingi. Nalala mpaka jogoo ananidharau.

Kuhusu ulichosema mwishoni mwa barua, sikuona swali pale.

Shangazi yako,
Elinipendo

*

Rumande, Moshi
14 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Wakili. Nimemsimulia Pamela, akacheka kidogo akasema yeye pia hakuna anayemwelewa. Afya yangu si mbaya. Nilikohoa wiki nzima lakini sasa imepungua. Mama usimwambie.

Sentensi zangu hizi hapa:

"I have an alibi but I cannot say it."

"My aunt is my alibi."

"A man who has seen a red jacket has not seen a man."

Ya tatu, kwamba aliyeona koti jekundu hajaona mtu, najua haina lile neno. Niliandika kwa hasira. Nusu ya waongoza watalii wa Kilimanjaro wana koti jekundu, shangazi! Kwenye gwaride la utambulisho yule mlinzi alinipita, akarudi, akanipita tena, ndipo askari mmoja akakohoa na yeye akanigusa bega.

Nisikilize sasa. Wewe unalala, na mimi namshukuru Mungu. Ila mimi silali, kwa sababu baba anakuja. Hata mchana anakuja. Nikikaa ukutani pale jua linapopita kidogo, nasikia harufu ya udongo mbichi wa migombani, hapa kwenye sementi tupu, na najua amesimama. Hana uso. Ana lile blanketi lako la mistari tulilomfungia. Haniulizi kitu. Nimebeba mizigo ya wazungu mlimani miaka tisa, mahema, mitungi ya gesi, mpaka choo chao cha plastiki nimebeba. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule, na ndio pekee ulioniumiza bega. Bado linauma. Naogopa, shangazi. Sijui kama anakuja kunishukuru au kunidai.

Pamela anasema kesi itaanza kusikilizwa tarehe kumi na tano Oktoba. Kabla ya hapo lazima apeleke notisi yenye mahali nilipokuwa na jina la shahidi. Bila shahidi, anasema, ni hewa.

Hili ni swali. Nimeliandika ili uone.

Sifael

*

Machame
30 Julai 2024

Mwanangu Sifael,

Marahaba. Kunywa maji ya moto na tangawizi, nimempa mama yako kipande akuletee, nimemwambia ni cha chai. Huku tunachuma kahawa. Mvua za mzaha zimetuharibia uanikaji wote, tunaingiza ndani na kutoa nje kutwa nzima. Mchungaji aliniuliza Jumapili kama nimepona ule ugonjwa wa Mei. Nikamwambia nimepona kabisa.

Nimesahihisha. "I have an alibi but I cannot say it." Sarufi inapita, sheria haipiti. Alibi usiyoisema haipo. "My aunt is my alibi." Watu husema hivyo mitaani, lakini kwangu utapata sifuri. Mtu hawezi kuwa alibi. Mtu ni shahidi. Ya tatu ni nzuri na haina maana mahakamani.

Sasa nakujibu swali lako, kwa sababu uliniandikia kama mwanamume na mimi sitakujibu kama mwoga. Jibu ni hapana.

Usitupe karatasi, soma. Nikisema tulikuwa wapi, wataniuliza tulifanya nini. Nikisema tulifanya nini, kesho yake wazee wa ukoo watakuwa kihambani, kwenye migomba ya baba yetu, na majembe, na Aminieli mbele yao. Watamtoa. Watamrudisha korongoni, na korongoni sasa hakuna hata shimo lake, kuna nguzo za nyumba ya wageni. Watamweka wapi? Barabarani? Wewe ulikuwa mdogo. Hukumsikia akiita. Miaka zaidi ya ishirini, kila mvua ikianza kupiga migomba, alikuwa ananiita kwa jina la utotoni kutoka kule chini, na mimi najifunika shuka kichwani na kuimba tenzi. Mzee wa kanisa mzima! Sasa amenyamaza. Yuko nyumbani, kando ya baba yetu. Nitamtoaje?

Wewe u hai, una wakili, una Mungu, una miguu. Yeye ana mimi tu.

Andika sentensi nyingine tatu.

Elinipendo

*

Rumande, Moshi
25 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Afande asome tu, nimechoka kuandika kwa kunong'ona. Baba yangu Elisaria alijinyonga nikiwa na miaka tisa. Wazee wa ukoo wakasema aliyejinyonga hazikwi kihambani. Kanisa halikupiga kengele. Baba mkubwa Aminieli akaamuru azikwe kule korongoni, nje ya mpaka, na mama akakatazwa kulia kwa sauti. Mimi nilikuwa nashika sketi yake, nakumbuka alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa. Nayajua hayo yote. Hukuhitaji kunifundisha.

Mwezi uliopita ulisema ana wewe tu. Basi niambie mimi nina nani. Miaka thelathini ikiisha nitakuwa na sitini na zaidi. Mama atakuwa amekufa. Wewe utakuwa umekufa. Nani atanifungulia mlango? Yeye?

Nilikubali sale yako kwa moyo wote, kwa sababu ni baba yangu. Ningembeba tena hata kesho. Lakini nilimbeba ili apumzike, sikumbeba ili nilale mimi mahali pake.

Sentensi zako:

"My father has no alibi because nobody is looking for him."

"My aunt has an alibi. She was sick in bed. The whole church prayed for her."

"The son had an alibi and it died with his aunt."

Sahihisha unavyotaka.

Sifael

*

Machame
29 Septemba 2024

Mwanangu Sifael,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya kabati, nikawa naizunguka kama paka na maji ya moto. Mwezi mzima sikuandika. Mama yako alikuwa analeta salamu zako na mimi nasema msalimie. Kahawa imekwisha. Wakili ameachishwa ziwa. Huko kanisani tumeanza mazoezi ya nyimbo za Krismasi, na sauti yangu haitoki.

Sentensi ya pili, ya shangazi mgonjwa kitandani aliyeombewa na kanisa zima, ndiyo iliyoniua. Haina kosa lolote. Nimetafuta kosa mpaka nikalia.

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nipeleke majani kwa ng'ombe, nikamkuta mama yako barazani. Grace, wifi yangu, amepiga magoti kwenye sementi yenye umande, ameshika sale kwa mikono miwili. Hajui tulikuwa wapi Jumapili ile, yeye alikuwa kanisani na wote. Alichojua ni kwamba mimi najua. Anakula kwangu kila jioni tangu Mei, ananiangalia nikitafuna, na anajua. Nilitaka kumwambia inuka mwenzangu, utapata baridi. Mkono wangu ukapokea lile jani kabla kichwa hakijasema lolote. Basi, ndiyo hivyo. Ukishapokea umepokea. Tukakaa pale chini wote wawili na nikamwambia kila kitu, na yeye akalia kwa sauti kubwa mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Akawajibu, "Mume wangu." Wakatazamana.

Afande unayesoma hii kwanza, habari za kazi. Mimi ni Elinipendo, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Nilichokiandika hapa nitakirudia mahakamani, kwa hiyo usijisumbue kunakili.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili Mei, askofu alipotutembelea, niliwatumia ujumbe kanisani kwamba naumwa. Kijiji chote kilikuwa kimekwenda ibadani. Mimi na Sifael tulishuka korongoni na jembe, sururu na blanketi, kwa sababu trekta lilikuwa linakuja wiki ile. Yeye alichimba, mimi nilipokea. Na kipaza sauti cha kanisa kikaleta jina langu mpaka kule chini: tumwombee mama yetu Elinipendo aliye kitandani. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mdogo wangu kwenye mapaja. Nikaitikia Amina. Kisha Sifael akambeba mgongoni mpaka kihambani, tukamlaza, na watu waliporudi kutoka ibadani alasiri sisi tulikuwa tunanawa mikono. Mchana ule Sifael hakukanyaga Soweto. Hakushuka hata barabara ya lami.

Nimekwenda kwa Pamela. Amechapa notisi, nimetia saini. Sauti yake kweli ni ya jemadari, nimempenda. Nimemwomba aniruhusu niandike mstari mmoja wa Kiingereza kwenye daftari lake: "The alibi is supported by one witness." Alibi inaungwa mkono na shahidi mmoja. Andika hivyo siku zote, mwanangu.

Kutoka pale nikaenda kwa kaka yangu Aminieli na lile lile jani aliloniletea mama yako. Nikamwambia mlangoni: Elisaria yuko kihambani, mimi ndiye niliyemleta, watakuja kumtafuta, nakuomba kwa hili umwache. Akalitazama. Akaingia ndani akafunga mlango, na nikasikia komeo. Ebo! Mtu anamfungia dada yake mwenye sale mkononi! Sijaona hilo tangu nizaliwe. Nimeliacha kwenye kizingiti chake.

Tangu nitie saini, mvua haijanyesha, kwa hiyo sijui. Nasubiri. Naogopa sana, Sifael, lakini nitakuja.

Elinipendo

*

Soweto, Moshi
10 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Umeona mahali ninapoandikia. Niko huru tangu Alhamisi. Nimejihifadhi kwa Fabian, mpishi wetu wa safari za mlimani, ana chumba kimoja na redio tatu. Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe hupiga kelele kama uko kilele cha Kibo, na mambo yetu haya yameshazoea karatasi.

Namna ulivyosimama kizimbani sitaisahau. Mwendesha mashtaka alipokuuliza kama hukuona haya kudanganya kanisa, ukamjibu, "Nimeona haya tangu Mei, endelea na swali lako." Hakimu mwenyewe aliinamisha kichwa. Shauri zima liliendeshwa kwa Kiswahili, ila kila walipofika kwenye lile neno walilisema kwa Kilatini, tena vibaya. Nilikuangalia ukikunja uso.

Sikupata nafasi ya kukueleza nilichokiona siku ile walipoleta polisi kihambani kuhakiki maneno yetu. Wewe ulikuwa karibu na shimo. Mimi nilikuwa juu ya gari nimefungwa pingu, kwa hiyo niliona mbali. Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya mibuni, kofia mkononi. Walipofunua blanketi, afisa akauliza kwa sauti nani anamfahamu marehemu. Nusu ya kijiji ilikuwa pale. Nikamwona baba mkubwa anafungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena, akasema, "Ni mdogo wangu." Kwa sauti ndogo mno, nadhani mimi na yule askari wa karibu tu ndio tuliosikia. Halafu akaondoka kupitia kwenye mfereji, na viatu vikalowa.

Baada ya hapo mlinzi akakiri mbele ya hakimu kwamba alichokiona ni koti. Jamhuri ikasema haitaendelea na shauri. Kuna neno jingine la Kilatini kwa hilo, lakini shangazi, sitakuuliza.

Sasa kwa nini sijapanda nyumbani. Mama ameshanitumia ujumbe wa kilio. Mwambie sikumkimbia.

Baba yuko huku. Walimchukua kama kielelezo, na sasa kuna jalada jingine la kufukua kaburi bila kibali. Nilikwenda polisi kumuulizia. Wewe na mimi watatupa onyo tu, wamesema, kwa umri wako na kwa maneno yako. Lakini yeye yuko kwenye chumba cha maiti, ndani ya boksi, amebandikwa namba. Wanasema hawatamtoa mpaka mkubwa wa ukoo aandike kwamba anampokea na pa kumzika papo. Mtoto hatoshi. Nikauliza, na dada je? Dada pia hatoshi. Wasipompokea, manispaa itamzika kwenye makaburi ya wasio na ndugu.

Umeelewa? Mimi nimetoka na yeye amebaki. Kila siku nakwenda nakaa kwenye benchi la nje, karibu na ukuta. Ile harufu ya udongo haipo tena. Yeye sasa ananukia dawa. Siwezi kupanda mlima nikamwacha. Mguu haunyanyuki.

Ukoo umekaa kikao? Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Sifael

*

Machame
2 Desemba 2024

Mwanangu Sifael,

Marahaba, na karibu duniani. Mama yako ndiye aliyebeba barua hii, mkaribishe chai kwanza kabla hujafungua, ametoka huku bila kunywa kitu. Amesuka nywele. Usimwambie kwamba nimekuambia utazame.

Ukoo ulikaa. Walikuja hata wale wa Arusha. Wakasema mengi kuhusu mila, na aliyesema zaidi ni yule ambaye hajawahi kurudi Krismasi hata moja. Wakaamua hapana. Kanisani nimevuliwa uzee mpaka hapo watakaponiita. Sikubisha, nimekaa benchi la nyuma na kina mama wenye watoto wanaolia. Kuna joto zuri kule nyuma.

Aminieli alikaa kikao chote bila kutia neno. Wakachukua kimya chake kuwa ndiyo yao.

Mvua ilianza wiki iliyopita. Nikajifunika shuka, nikasubiri kuitwa. Kimya. Nikasema labda Moshi ni mbali, sauti haifiki. Siku ya pili mvua, kimya. Siku ya tatu mchana nilikuwa nakoroga mtori, nikamwona Aminieli amesimama kwenye mlango wa jiko, amelowa chepechepe, hana kofia. Hajaingia jikoni kwangu tangu tulipomzika Elisaria. Nikamwambia kaa, kaka, utapata homa ya mapafu. Hakukaa.

Akasema, "Nipendo, anaita."

Nikamwambia, "Mimi sisikii kitu."

Akasema, "Hakuiti wewe."

Nikazima jiko. Mikono yake ilikuwa na udongo. Nilidhani ameanguka njiani, kumbe ameshaanza kuchimba kihambani. Akaniambia ameitwa siku zote tatu, kwa jina ambalo mama yetu tu alikuwa anamwitia, na kwamba Elisaria hamlaumu. Hilo ndilo asiloweza kulivumilia. Angekuwa analaumu, alisema, ningeziba masikio. Halafu mzee wa miaka sabini na sita akalia jikoni kwangu kama mtoto aliyepotea sokoni, na mimi nikamshika kichwa. Hatukushikana hivyo tangu tulipokuwa wadogo.

Nilimwambia huko Moshi watataka karatasi. Ameiandika kwenye meza yangu na ametia saini. Mama yako anayo kifuani: mimi Aminieli, mkubwa wa ukoo, nampokea mdogo wangu Elisaria, pa kumzika papo, ni kihambani kwa baba yetu. Wale wengine amewapigia simu mmoja mmoja. Kwa wa Arusha alipiga kelele, mpaka Wakili naye akaanza kulia zizini.

Mchukue leo hii hii, usingoje kesho. Gari la maziwa la Jacob litarudi tupu kutoka mjini baada ya saa nane, nimeshamwambia abebe nani na hakuuliza swali. Mama yako akae mbele. Wewe kaa nyuma naye.

Ninakuandikia huku nasikia sururu. Baba yako mkubwa anachimba tangu alfajiri. Vijana wamekuja kumsaidia, amewafukuza. Nimempelekea uji, hakuunywa. Mvua inanyesha na shimo linajaa maji, naye anateka kwa kikombe na kuendelea. Hataki kutoka mle ndani mpaka mfike, Sifael, na ni mzee. Fanyeni haraka.

Shangazi yako,
Elinipendo